Kupima Muda wa Kazi Kiwandani: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Teknolojia ya Uzalishaji

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa teknolojia ya uzalishaji viwandani katika chuo kidogo cha umma, ambaye amepangiwa mafunzo kwa vitendo katika kiwanda cha Mwanza na kutakiwa kurudi na ripoti yenye vipimo vya muda wa kazi. Ripoti hizo hurudishwa kwa kasoro zilezile: wastani uliotokana na vipimo visivyolingana, muda sanifu (muda unaopaswa kutumika kwa kazi, mwendo na mapumziko vikiwa vimezingatiwa) usioeleweka umepatikanaje, na pendekezo kwamba kiwanda kiongeze wafanyakazi bila kuonyesha waongezwe wapi. Nyingi ya kasoro hizo huanza kabla saa haijabonyezwa, na ndiyo sababu hatua za mwanzo zimepewa nafasi kubwa kuliko mahesabu.

Mfano unaotumika ni laini ya minofu ya sangara, kwa kuwa ndiko wanafunzi wengi wa hapa hupelekwa. Tarakimu zake ni za kufundishia tu, si za kiwanda chochote. Aliyepangiwa kiwanda cha soda, cha nguo au kinu cha kuchambua pamba atafuata hatua hizihizi, ila akumbuke kwamba kinu kilicho nje ya msimu hakina cha kupimwa, na hilo linapaswa kuulizwa kabla ya barua ya chuo kutumwa.

## Vifaa vinavyohitajika

- Saa ya kupimia sekunde yenye kamba ya kuvaa shingoni. Usitegemee simu, kwa sababu viwanda vingi vya chakula haviruhusu simu ndani ya eneo la uzalishaji.
- Ubao wa kubania karatasi, wa plastiki au chuma. Ubao wa mbao hulowa, na idara ya ubora inaweza kuukataa.
- Kalamu isiyo na kifuniko wala sehemu inayochomoka. Uliza kwanza aina inayoruhusiwa, maana penseli yenye ncha inayovunjika huhesabiwa kuwa hatari kwa chakula.
- Fomu za vipimo ulizochora mwenyewe, zaidi ya unavyodhani zitatosha.
- Kikokotoo chenye kipeuo cha pili.
- Gambuti, koti jeupe, kofia ya nywele na barakoa, kama kiwanda hakitoi.
- Nguo ya joto ya kuvaa ndani ya koti. Chumba cha minofu ni cha baridi, na mpimaji husimama pale pale bila kufanya kazi ya kumpasha mwili.

Chuo kikiwa na saa chache kuliko wanafunzi, pangeni zamu mapema na muandikiane tarehe. Katika chuo kidogo mwalimu mmoja husimamia wanafunzi waliotawanyika kuanzia Igogo hadi Nyakato, na huenda akakufikia mara moja tu. Akikukuta ungali unasubiri saa, nafasi ya kusahihishwa imepita.

## Hatua ya 1: Omba ruhusa mara mbili

Ruhusa ya kwanza ni ya meneja uzalishaji, na barua ya chuo inatosha kuileta. Ruhusa ya pili ni ya wale watakaopimwa, nayo haiandikwi popote. Mtu anayelipwa kwa kilo au kwa kreti akimwona kijana amesimama nyuma yake na saa, atafikiri mara moja kwamba malipo yake yanataka kupunguzwa. Atapunguza mwendo ili kazi ionekane ngumu, au ataongeza mwendo ili asionekane mvivu, na kwa vyovyote vile vipimo vyako vitakuwa vya kazi ambayo haifanyiki siku nyingine.

Kwa hiyo, fika kabla ya zamu kuanza na umwombe msimamizi wa zamu akutambulishe. Waliokuzidi umri waamkie kwa shikamoo, hata kama fomu yako inawaita namba 4 na namba 7. Wengi watafurahi zaidi ukijua na mwangaluka, salamu ya Kisukuma. Kisha eleza kwa maneno machache: "Mama, mimi ni mwanafunzi. Ninapima kazi, simpimi mtu. Jina lako sitaliandika." Mwonyeshe fomu ili aone kwamba kweli haina nafasi ya jina.

Tahadhari: usipime kwa kujificha. Pamoja na kuwa ni utovu wa adabu, kunavunja imani ya zamu nzima siku utakapogunduliwa, na utagunduliwa.

Utajua umefanikiwa wafanyakazi watakapoendelea na mazungumzo yao ukiwa umesimama pale. Wakinyamaza kila ukisogea, rudi kesho uangalie tu, bila saa.

## Hatua ya 2: Fuata samaki mmoja kuanzia mapokezi hadi kwenye boksi

Kabla ya kuchagua kituo, tembea na laini yote. Sangara hupokelewa na kupimwa ubora, huoshwa, hukatwa minofu, minofu huchunwa ngozi, husafishwa kwa kuondolewa mifupa na mafuta yaliyobaki, hupangwa kwa daraja na uzito, kisha hufungwa na kupozwa au kugandishwa. Panki (kichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa) hutoka kwa njia yake, nalo bondo (kibofu cha hewa cha samaki) huhifadhiwa kando kwa uangalizi mkubwa kwa sababu ya bei yake.

Chora ramani ya vituo hivi katika ukurasa mmoja, ukiandika idadi ya watu na mashine kila mahali, na kipimo kinachotumika hapo. Jambo hili la mwisho hupuuzwa sana, ilhali ndilo litakaloamua hatua ya 9: mapokezi huhesabu samaki, uchunaji huhesabu minofu, na ufungaji huhesabu maboksi au kilo. Samaki mmoja hutoa minofu miwili. Amua tangu sasa kwamba kila muda katika ripoti yako utaandikwa kwa samaki mmoja, na uandike uamuzi huo juu ya ramani.

## Hatua ya 3: Gawa kazi katika vipengele vyenye mwisho unaoonekana au kusikika

Hapa ndipo ripoti nyingi hupotelea. Mwanafunzi huandika "kukata minofu", hubonyeza saa mkataji anapoanza, huisimamisha anapomaliza, na kesho yake husahau alikuwa ameanzia wapi. Siku ya kwanza alihesabu kuanzia mkono ulipogusa kreti. Siku ya pili alihesabu kuanzia kisu kilipogusa samaki. Vipimo hivyo viwili havina uhusiano, na hakuna hesabu itakayoviponya.

Kwa meza ya kukatia minofu, mgawanyo unaofaa ni huu:

A. Kuchukua samaki na kumlaza ubaoni. Huanza mkono unapoingia kwenye kreti, na huisha samaki anapogusa ubao.

B. Kukata upande wa kwanza. Huisha mnofu unapoachana na mfupa.

C. Kugeuza na kukata upande wa pili. Huisha mnofu wa pili unapoachana na mfupa.

D. Kuweka minofu kwenye trei na kusukuma panki. Huisha mkono unaporudi kuingia kwenye kreti, ambao ndio mwanzo wa A inayofuata.

Ona kwamba mwisho wa kipengele kimoja ndio mwanzo wa kinachofuata, na hakuna sekunde inayobaki katikati bila mwenyewe. Chagua alama ambayo jicho au sikio haliwezi kubishana nayo. "Anapokaribia kumaliza" si alama. Mlio wa samaki mzito kwenye ubao ni alama nzuri sana, kwani hata ukiwa unaandika utausikia.

Vipengele visivyojirudia kila samaki viandikwe peke yake: kunoa kisu, kuvuta kreti mpya, kuosha ubao. Pale ambapo bondo hutolewa kwenye meza hiyohiyo, lifanye kipengele cha peke yake, kwa sababu mkataji mwenye mwendo wa umeme katika B na C hupunguza ghafla mkono anapolifikia, akihofia kulitoboa, na ukilichanganya na kazi nyingine utashindwa kueleza kwa nini vipimo vinaruka.

Usigawe vipengele vifupi mno. Kipengele cha chini ya sekunde 3 kitakushinda kukisoma na kukiandika kwa mkono.

Utajua mgawanyo umekaa sawa wewe na mwenzako mkipima mizunguko ileile mkiwa mmesimama mbalimbali, kisha karatasi zenu zikatofautiana kwa sekunde moja au chini yake katika kila kipengele.

## Hatua ya 4: Tenga samaki kwa uzito

Sangara wa kilo 2 na sangara wa kilo 6 si kazi moja. Mwombe anayesimamia mizani akuambie kreti ipi ina samaki wa uzito gani, na upime kila kundi kwa fomu yake. Uzito wa kundi uandike juu ya fomu, wala usiutegemee ukumbuke.

Angalia pia hali ya siku. Mitumbwi ikileta samaki wachache, wafanyakazi hupunguza mwendo ili kazi ifike mwisho wa zamu, na hakuna wa kuwalaumu. Pima siku ambazo kreti zimejaa nyuma ya meza tangu asubuhi.

## Hatua ya 5: Pima bila kurudisha saa kwenye sifuri

Simama pembeni kidogo nyuma ya mfanyakazi, mahali unapoona mikono yake bila kumziba taa wala kuwa karibu na kisu. Sakafu ni ya maji na mafuta ya samaki, hivyo tafuta sehemu ya kusimama kabla ya kutafuta sehemu ya kuangalia.

Anzisha saa mara moja na uiache ikimbie. Kila kipengele kinapoisha, soma na uandike saa inavyosema, bila kuisimamisha. Mzunguko wa kwanza unaweza kusomeka 0:07, 0:26, 0:48, 0:52. Ukitoa mtawalia baadaye, unapata A sekunde 7, B sekunde 19, C sekunde 22 na D sekunde 4, jumla 52. Njia hii ni bora kuliko kuirudisha saa kwenye sifuri kila mara, kwa sababu muda wote unahesabika: kisu kikianguka au msimamizi akija kuongea, tukio hilo nalo linaonekana kwenye karatasi badala ya kumezwa kimyakimya. Liandike kwa alama pembeni na ulitoe kwenye wastani, lakini usilifute. Litahitajika katika hatua ya 10.

Tahadhari: 1:30 kwenye saa ni dakika moja na nusu, yaani dakika 1.5 na si 1.30. Badilisha kila kitu kuwa sekunde kabla ya kugusa kikokotoo.

## Hatua ya 6: Kadiria mwendo wa kazi

Sekunde 51 za mtu mwenye kasi si sawa na sekunde 51 za mtu anayejikokota. Kwa hiyo kila seti ya vipimo hupewa kiwango cha mwendo, ambapo 100 ni mwendo wa mfanyakazi mzoefu mwenye ari anayeweza kuuendeleza zamu nzima bila kujiumiza.

Kukadiria hujifunzwa kwa macho, na inafaa uanze chuoni kabla ya kwenda kiwandani. Kwa kipimo kilichozoeleka, mwendo wa 100 ni sawa na kutembea kilomita 6.4 kwa saa, mahali tambarare, bila mzigo. Pima mita 100 uwanjani. Anayezimaliza kwa sekunde 56 anatembea kwa 100. Anayetumia sekunde 70 yuko 80. Anayetumia sekunde 75 yuko 75. Mmoja atembee, wengine waandike makisio yao bila kuona saa, kisha mlinganishe. Zoezi jingine ni kugawa karata 52 katika mafungu manne: kwa mwendo wa 100, huchukua sekunde 22.5.

Andika kiwango ukiwa unamtazama mfanyakazi, wala si jioni ukiwa nyumbani. Kiwango kilichojazwa baadaye hutengenezwa ili kufanya hesabu ipendeze, na mwalimu mzoefu hukitambua kwa kuwa fomu zote zina 100.

Mashine haikadiriwi. Mashine ya kuchuna ngozi ina kasi yake. Unayeweza kumkadiria ni anayeilisha, na hilo ni pale tu yeye ndiye anayeamua mwendo.

## Hatua ya 7: Hakiki kama vipimo vinatosha

Kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5, idadi ya vipimo inayohitajika hupatikana hivi: zidisha idadi ya vipimo ulivyonavyo kwa jumla ya vipeo vyake vya pili, toa kipeo cha pili cha jumla ya vipimo, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa 40, gawa kwa jumla ya vipimo, kisha jibu hilo lizidishe kwa lenyewe.

Chukua samaki wa kilo 2 hadi 3, mizunguko 10 kwa sekunde: 52, 48, 55, 50, 47, 53, 51, 49, 54, 51. Jumla ni 510, wastani ni 51, na jumla ya vipeo vya pili ni 26,070. Hesabu inatoa 3.7, yaani vipimo 4 vingetosha. Unavyo 10, umevuka.

Sasa chukua mwanafunzi aliyepuuza hatua ya 4, akachanganya samaki wadogo na wakubwa: 34, 38, 36, 35, 37, 72, 70, 75, 68, 75. Wastani wake ni 54, na kwa macho unaonekana kuwa wa kuaminika. Hesabu ileile inadai vipimo 181. Si kwamba anahitaji kupima mara 181. Anahitaji kutenganisha makundi mawili, moja la sekunde 36 na jingine la sekunde 72, kwa sababu hakuna samaki hata mmoja katika orodha yake aliyechukua sekunde 54.

Jibu likiwa kubwa mno, basi, rudi kwanza kwenye mipaka ya vipengele na makundi ya uzito. Kuongeza vipimo ni dawa ya mwisho.

## Hatua ya 8: Kokotoa muda sanifu

Tuendelee na wastani wa sekunde 51. Kisu hunolewa kwa sekunde 30 kila baada ya samaki 10, hivyo kila samaki abebe sekunde 3. Jumla ni 54. Mwendo ulikadiriwa kuwa 110, kwa hiyo muda wa kawaida ni 54 × 1.10 = sekunde 59.4.

Ongeza nyongeza ya mapumziko. Jedwali linalotumika sana vyuoni, ambalo limo katika mafunzo ya Shirika la Kazi Duniani, humpa mwanamume asilimia 5 kwa mahitaji binafsi, 4 kwa uchovu wa msingi na 2 kwa kusimama, jumla 11. Mwanamke hupewa 7, 4 na 4, jumla 15. Baridi na maji vina nyongeza yake, ambayo kubaliana na mwalimu wako na uiandike kwa uwazi. Tuseme mkataji ni mwanamume na mmekubaliana asilimia 4, basi nyongeza ni asilimia 15, na muda sanifu ni 59.4 × 1.15 = sekunde 68.3 kwa samaki. Hao ni samaki 52 hadi 53 kwa saa kwa mkataji mmoja.

Tahadhari: mapumziko rasmi ya chakula yasihesabiwe mara mbili. Ukiyatoa kwenye urefu wa zamu, usiyaweke tena kwenye nyongeza.

## Hatua ya 9: Tafuta kituo kinachobana

Zamu ni ya saa 8. Ukitoa nusu saa ya chakula na nusu saa ya kuosha, unabaki na saa 7, yaani sekunde 25,200. Kiwanda kikitaka samaki 2,400, basi samaki mmoja anapaswa kutoka kila baada ya sekunde 10.5. Gawa muda sanifu wa kila kituo kwa 10.5.

Ukataji: 68.3 ÷ 10.5 = 6.5, hivyo wakataji 7. Usafishaji wa minofu, tuseme ni sekunde 105 kwa samaki: watu 10. Mashine ya kuchuna ngozi hutumia sekunde 7 kwa mnofu.

Aliyeandika 7 bila kurudi kwenye ramani ya hatua ya 2 ataona ni ndogo kuliko 10.5 na kusema mashine ina nafasi. Samaki ana minofu miwili, kwa hiyo muda ni sekunde 14, na zinahitajika mashine 1.33, yaani mbili. Kiwanda kikiwa na moja, laini nzima haiwezi kuvuka samaki 1,800 kwa zamu, hata meza ya usafishaji yenye watu wengi na makelele mengi ikiongezewa watu wengine 5. Kuongeza wakataji kungekuwa kubaya zaidi: minofu ingerundikana mbele ya mashine ikipoteza baridi.

Pendekezo zuri huanza na lisilo na gharama. Mashine hiyo ikipewa mtu wa kumpokea mwendeshaji wakati wa chakula, huku trei za minofu zikiwa zimewekwa akiba kwenye barafu, inapata sekunde 1,800 zaidi na kufikisha samaki 1,928. Mashine ya pili iwe pendekezo la pili, na isitajwe bila takwimu hizi mbele yake.

## Hatua ya 10: Linganisha na daftari la zamu

Mwombe msimamizi daftari la uzalishaji la siku ulizopima. Ukikokotoa 1,800 na daftari likasema 1,560, tafuta samaki 240 waliopotea katika zile alama ulizoandika pembeni: umeme uliokatika, kisu cha mashine kilichobadilishwa, kreti zilizochelewa kutoka mapokezi. Mashine ikitumia sekunde 14 kwa samaki, hao 240 ni dakika 56 za kusimama. Alama zako zikifikisha dakika 50 hivi, ripoti imeshikana.

Daftari likionyesha samaki wengi kuliko uwezo uliokokotoa, na hakuna saa za ziada zilizofanywa, kosa liko kwenye karatasi zako. Anza kukagua vipimo vya samaki na minofu, kisha dakika na sekunde, kisha kiwango cha mwendo, kwa mpangilio huo.

Fomu halisi zilizolowa maji zibandike mwishoni mwa ripoti kama zilivyo, pamoja na nakala safi. Ukurasa wa ramani na wa hesabu ya hatua ya 9 mpelekee msimamizi wa zamu wiki moja kabla ya kuwasilisha chuoni, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama siku ulizopima kulikuwa na mashine ya akiba iliyokuwa imezimwa nyuma ya ukuta.